Mawe ya Redio Yaliyokufa

Juzi nilimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba yetu, hapa Kinindo, akipasua mawe ya redio kwa nyundo. Alitaka kile kijiti cheusi cha katikati apate kuandikia ukutani. Mikono ilikuwa myeusi, na midomo pia. Nilimwosha kwa sabuni na maji mengi, kisha nikaanza kusoma nijue mle ndani mna nini.

Jiwe la kawaida la redio au tochi ni kikopo cha zinki. Katikati mna kijiti cha kaboni, na kukizunguka mna unga mweusi wa manganizi uliolowana na chumvi yenye kuchoma. Wengi hudhani kikopo ni chombo tu cha kushikia unga. Sivyo. Zinki yenyewe ndiyo inayoliwa ili umeme upatikane, kama kuni jikoni. Basi jiwe likifa, ukuta wake umekwisha kuwa mwembamba, hutoboka, likavuja. Ndiyo maana huharibu redio likisahauliwa ndani. Zamani viwanda vilitia na zebaki kidogo ili zinki isiliwe upesi, na zebaki ni sumu ya ubongo.

Tukiyatupa bondeni, mvua huyachukua. Mito ya Muha na Kanyosha hupita pande zetu hizi na kuingia Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha meta 1,470 hivi, na mtu aweza kusema sumu kidogo itapotea humo. Lakini maji yake yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Mengi zaidi hupanda angani kwa joto la jua. Madini hayapandi, hubaki. Nasi twanywa maji ya ziwa hilo katika mabomba, na ndagala twala.

Betri ya gari ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina risasi na asidi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu katikati ya makazi ya watu, wakadhurika wakubwa na watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Nyumbani sasa twaweka mawe yaliyokufa katika kopo la maziwa lenye kifuniko, mahali pakavu, juu ya kabati. Hatuyatii motoni, maana hupasuka, wala chooni. Vile vidogo vya saa, vilivyo kama vifungo, navichunga kuliko vyote: mtoto akimeza kimoja, apelekwe hospitali papo hapo, kwani chaweza kuunguza koo kwa muda wa saa mbili tu.

Mama aliniuliza kopo likijaa nitafanyaje. Nilimjibu nitatafuta kopo la pili, mpaka nimpate mtu wa kuyapokea. Alicheka, lakini jana alinipa kopo.