Mwenzako Akiugua Miaka Mingi

Wapendwa wana ndoa, leo tufungue Biblia katika Kitabu cha Tobiti, sura ya 2. Wengi wetu tunakijua kitabu hiki kwa sababu ya ndoa ya Tobia na Sara, ambayo ni miongoni mwa masomo yanayosomwa arusini. Lakini kabla ya arusi ile kuna habari ya wazazi wa Tobia, mzee Tobiti na mkewe Ana. Habari hiyo haisomwi arusini, na mimi naona ingefaa isomwe.

Tobiti alikuwa mcha Mungu, mtoaji wa sadaka, mtu wa kuwazika maiti waliotupwa. Usiku mmoja alilala uani karibu na ukuta, kinyesi cha ndege kikamwangukia machoni. Alikwenda kwa matabibu, lakini dawa zao hazikumfaa kitu, akawa kipofu. Akakaa gizani miaka minne. Ana akaanza kufuma nguo kwa ujira. Siku moja waliomwajiri walimlipa haki yake, wakamwongezea na mwana-mbuzi. Tobiti aliposikia mbuzi analia, aliuliza ametoka wapi, asije akawa wa wizi. Ana alieleza kwamba amepewa zawadi. Mume hakusadiki, akaamuru mbuzi arudishwe kwa mwenyewe. Ndipo Ana akamwuliza kwa uchungu, ziko wapi sasa sadaka zako na matendo yako mema? Tobiti akalia, akamwomba Mungu amchukue afe.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Hapa hakuna mlevi wala mzinzi. Wote wawili ni watu wema, wanaosali. Upofu waliuvumilia. Kilichowagombanisha ni mbuzi.

Tuchukue mfano wa siku zetu. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi, mke anauza mboga sokoni. Mwalimu aliugua kisukari na shinikizo la damu kwa muda mrefu, na magonjwa hayo mawili ndiyo huharibu figo za watu wengi. Sasa figo zimeshindwa kazi, na mara mbili kwa wiki lazima asafishwe damu kwa mashine. Huondoka nyumbani alfajiri, hukaa kwenye mashine kama saa 4, hurudi hana nguvu hata ya kuvua viatu. Maji anakunywa kwa kipimo. Mfuko wa SHA, uliochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hulipia kusafishwa damu, lakini nauli haulipi, na watoto bado wanahitaji karo. Kwa hiyo mama anakaa sokoni mpaka giza liingie. Akifika mlangoni anasikia, “Ulikuwa wapi mpaka saa hii?” Naye anajibu, “Mwalimu, nauli yako ya kesho unadhani inaokotwa barabarani?”

Huyo ndiye mbuzi wa Ana. Yumo katika nyumba nyingi zenye mgonjwa, na huenda yumo katika yako.

Wewe uliye mzima, usidhani mwenzako anauliza hivyo kwa sababu amekuwa mtu mbaya. Jana alikuwa mtafutaji, leo anatafutiwa. Kutwa nzima yuko peke yake, anasikiliza sauti za njiani na kuhesabu saa. Dawa ya shaka ni kumweleza kabla hajauliza. Jioni keti karibu naye, mwambie umeuza nini, umepata ngapi, nani amekukopa. Mpe daftari la matumizi aliandike yeye. Watoto wapeleke kwake akawaangalie kazi ya shule, na sala ya jioni aiongoze yeye hata kama ni kwa kulala kitandani. Mgonjwa aliyenyang'anywa kila kazi kwa jina la huruma huwa mgeni nyumbani kwake. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu sisi wauguzi wa nyumbani tunapenda kufanya kila kitu wenyewe, kisha tunalalamika kwamba hatusaidiwi!

Nawe mgonjwa, ugonjwa haukukupa ruhusa ya kuwa hakimu. Mwenzako akiingia, mpokee kwanza kwa pole na kazi, ndipo uulize mengine. Mwambie asante, hata kama alichofanya ni wajibu wake. Tena usimtie kazi ya kukulinda kama mtoto. Wagonjwa wa figo huambiwa wapunguze chumvi, na wajihadhari na ndizi, parachichi, maharagwe na viazi, kwa sababu vina madini ya potasiamu ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa. Mkeo anachemsha sukuma wiki na kuyamwaga maji yake ili uweze kula. Ukitoka hapo ukaenda kunywa maji kwa siri, unavimba, na anayekesha nawe ni nani?

Sasa tuseme jambo ambalo wengi huona haya hata kumweleza padre. Ugonjwa wa figo, kisukari, na baadhi ya dawa za shinikizo hupunguza hamu na nguvu za tendo la ndoa. Mume huona aibu, hugeukia ukutani. Mke hudhani hapendwi tena. Basi semeni kwa maneno. Mwulizeni daktari bila kuona haya, kwa kuwa pengine dawa inaweza kubadilishwa. Na ikiwa tendo lenyewe haliwezekani kwa muda, kushikana mikono, kuoga mgonjwa kwa upole, kulala kitanda kimoja, hayo yote ni lugha ya ndoa. Msiiache.

Wanaume, nina neno nanyi. Mume akiugua, watu humwambia mke avumilie. Mke akiugua miaka mingi, wapo ndugu na marafiki watakaomnong'oneza mume kwamba yeye bado kijana, atafute wa kumpikia. Siku ya arusi uliahidi mbele ya altare afya na ugonjwa pamoja. Anayekushauri hivyo, hata akiwa mjomba wako, mwambie akuletee unga badala ya ushauri.

Wako pia wahubiri wanaowaagiza wagonjwa watupe dawa ili waonyeshe imani. Msiwasikilize. Someni Yoshua bin Sira sura ya 38: humo mgonjwa anaambiwa asali, na papo hapo ampe tabibu nafasi yake, kwa maana yeye naye ametoka kwa Mungu. Na msingoje mpaka mtu anakata roho ndipo mkimbilie parokia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokufa tu. Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kuupokea, na ugonjwa ukizidi akaupokea tena. Mwombeni padre aje nyumbani, na mwenye afya naye aungame na kukomunika siku hiyo, kwa sababu naye ana jeraha lake.

Jumuiya ndogondogo zije kusali, ndiyo, lakini baada ya rozari mtu mmoja aseme, “Alhamisi nitampeleka Mwalimu hospitali mimi.” Mama naye siku hiyo alale mchana, au aende kumwona dada yake. Kupumzika si kumwacha mgonjwa. Na akilia, mwacheni alie.

Turudi kwa Tobiti. Katika sura ya 11 mtoto wao Tobia anarudi kutoka safari ndefu. Ana alikuwa ameketi akiitazama njia, akamwona wa kwanza, akamwambia mumewe kwamba mwanao anakuja. Tobiti alikuwa bado kipofu. Dawa ilikuwa mikononi mwa kijana, njiani. Hakuuliza una hakika gani. Aliinuka akatoka mlangoni akijikwaa.

Usiku wa leo someni sura hizo mbili, ya 2 na ya 11. Asome yule mwenye macho mazuri. Mkimaliza, kila mmoja amwambie mwenzake mbuzi wake ni yupi, na yule anayesikiliza asijibu mpaka kesho.