Nilikuwa muuguzi, sasa niendeshe lori?

SWALI: Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi Mwanza. Sasa niko Minneapolis, nahudumia wazee usiku. Mume wangu anataka nisomee udereva wa malori. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usiuache uuguzi bado. Marekani, leseni hutolewa na bodi ya wauguzi ya jimbo. Kwanza vyeti vyako vitathminiwe, mara nyingi na TruMerit, shirika la tathmini lililokuwa likiitwa CGFNS. Hapo ndipo wengi hukwama: matokeo ya masomo hutakiwa kutumwa moja kwa moja na chuo, na uthibitisho wa usajili na baraza la wauguzi la nyumbani. Nakala iliyo mkobani mwako, hata ikiwa na mhuri, haitoshi. Mtume ndugu akafuatilie chuoni na barazani. Kisha mtihani wa leseni, NCLEX-RN, maswali 85 hadi 150. Lori lina kipato kizuri, lakini linaweza kusubiri. Andikia chuo wiki hii.