Dondoo muhimu: Mama wa Burnt Forest baada ya miaka 45
Hedhi ikikoma, mifupa hupoteza nguvu kwa kasi. Kwa hiyo maziwa na mursik yasiishie kwa wajukuu na kwa mnunuzi. Jiwekee kikombe chako, mama.

Kulima viazi ni mazoezi halisi. Anayeshinda dukani atembee: Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki. Chumvi isizidi kijiko cha chai kwa siku. Presha mara nyingi haina dalili, ipime.

Chama usikiache, kwani upweke hudhuru mwili pia.

Damu ikitoka tena mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma, hata matone, usingoje. Nenda kituo cha afya. Ikihitajika, watakutuma Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret.