Etriye ya freni: itambue kwanza, ndipo uifungue

Ndugu mtumishi, kazini unavaa kofia, viatu na miwani ya kujilinda. Lakini siku ya mapumziko, ukitengeneza motokari ya zamani mbele ya nyumba, je, unajilinda vilevile? Leo tujifunze kutengeneza etriye, kile chuma kinachobana plakete juu ya diski ya freni.

Tuchukue mfano wa Triumph TR6, motokari ya spoti iliyoundwa Uingereza tangu 1968 mpaka 1976. Etriye zake za mbele ni za Girling, na kila moja ina pistoni mbili. Mafunzo haya yanafaa kwa motokari nyingine pia.

1. Itambue. Safisha chuma, usome alama. Etriye za kwanza ni 16P, na visi ya tiyo ina meno ya inchi. Zilizofuata ni M16P, zenye meno ya metriki. Visi ya inchi 3/8 ina upana wa milimita 9.5, ile ya metriki milimita 10. Ile ndogo inaweza kuingia katika tundu kubwa ikaonekana imeshika. Siku utakapokanyaga pedali kwa nguvu, itachomoka na mafuta ya freni yatamwagika.

2. Jihadhari na vumbi. Plakete nyingi za zamani zina amianti. Vumbi lake likiingia mapafuni laweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Usilipulize kwa hewa, usilifagie likiwa kavu. Lilowanishe, upanguse kwa kitambaa, ukifunge katika mfuko. Watoto wakae mbali. Nguo zako zifuliwe peke yake bila kukung'utwa, maana bibi anayezikung'uta anavuta vumbi lile lile.

3. Toa pistoni bila haraka. Etriye ikiwa bado imefungwa kwa tiyo, kanyaga pedali polepole: mafuta yatasukuma pistoni taratibu. Hewa ya kompresa ni hatari. Pistoni hizi zina upana wa milimita 54. Hewa ya bari 6 inaisukuma kila moja kwa nguvu ya kilo 140 hivi, nayo inaruka ghafula. Kidole kilichopo katikati kinasagwa. Usitenganishe nusu mbili za etriye.

4. Panga upya. Osha kwa alkoholi au mafuta safi ya freni. Petroli na mafuta ya mashine huvimbisha mipira. Pistoni iliyotobolewa na kutu, itupe. Weka mipira mipya, uipake mafuta ya freni, na pistoni isukumwe kwa mkono ikiwa imenyooka.

5. Jaribu. Toa hewa yote katika tiyo. Kanyaga pedali kwa nguvu dakika moja, mwenzako achungulie kama kuna tone. Kisha endesha polepole uwanjani kabla ya kutoka barabarani.

Kumbuka pia: mafuta ya freni hunyonya maji ya hewa. Yakizeeka huchemka upesi, na pedali hushuka bila kushika. Tumia ya chupa mpya.

Ndugu, kama huna hakika na alama ya etriye, acha motokari isimame. Motokari iliyosimama haijamwua mtu. Isiyoweza kusimama ndiyo huua.