Mlevi Aliyelala Asiachwe Peke Yake

Tuseme ni usiku wa disko hapa Maramba. Saa nane za usiku muziki umekwisha. Kijana amelala chini kando ya kilabu. Wenzake wanacheka: "Mwache alale, pombe itamtoka." Kisha wanakwenda zao. Kumbe hapo ndipo penye hatari!

Kwa nini ni hatari?

Pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia katika damu hata mtu akiwa amelala. Kwa hiyo aliyekuwa akikoroma tu anaweza kuzidiwa baadaye. Pumzi hupungua, na nguvu za kukohoa humwishia. Akitapika huku amelala chali, matapishi huziba njia ya hewa. Hufa kimya kimya, hata kama alikunywa tembo la mnazi tu.

Tufanye nini?

1. Mwite, mtikise bega. Akiamka, mkalishe, mpe maji kidogo kidogo. Asiachwe peke yake.

2. Asipoamka lakini anapumua, mlaze ubavu. Kunja goti la juu ili asibingirike. Mdomo uelekee chini kidogo, matapishi yatoke.

3. Mfunike kanga au shuka. Pombe hupoza mwili.

4. Kaa naye, hesabu pumzi zake. Mpelekeni kituo cha afya upesi ikiwa haamki kabisa, anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, midomo imekuwa ya bluu, ana degedege, au ameumia kichwa. Tafuteni gari, alazwe ubavu.

Usimpe kahawa. Usimmwagie maji baridi. Usimtie kidole kooni ili atapike. Hayo hayatoi pombe mwilini.

Na gongo je?

Viroba vya plastiki vilipigwa marufuku nchini tangu Machi 2017, lakini gongo bado hunywewa kwa kificho. Pombe ya kificho yaweza kuwa na sumu. Nairobi mwaka 2000 pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakapofuka. Mnywaji akisema haoni vizuri, hata kesho yake, ni hospitali moja kwa moja. Msiogope: mwambieni mganga ukweli wa alichokunywa.

Wenzetu wa London, tangu 2003, wana vikundi vya waumini wanaotembea mitaani usiku kuwaangalia vijana waliolewa. Hata ndala huwapa wasichana wanaotembea pekupeku. Sisi nasi tunaweza. Wawili watatu wasionywa usiku ule wabaki mpaka mwisho. Msichana aliyelewa asindikizwe nyumbani na mwanamke anayemjua, asikabidhiwe mtu yeyote tu.

Kumsaidia mlevi si kuusifu ulevi. Kesho akiamka, mkanye. Lakini kwanza aamke.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mlevi asilazwe chali?
2. Usiku, gari la kumpeleka mgonjwa tutalipata wapi hapa kwetu?
3. Disko lijalo, nani watabaki mpaka mwisho?