Kwa nini mwaka wa Hijria huanza Muharram?

SWALI: Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwasili Madina katika Mfungo Sita. Mbona basi mwaka wetu huanza Mfungo Nne, yaani Muharram?

JIBU: Kwa sababu hesabu hii iliwekwa baadaye, na Khalifa Umar bin al-Khattab, yapata mwaka wa 17 tangu Hijra, yaani Mtume kuhamia Madina. Imepokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari, liwali wake wa Basra, alimlalamikia Umar kuwa barua anazomwandikia zinafika bila tarehe. Dola ilikuwa imepanuka. Utaendeshaje hazina na majeshi hivyo?

Umar akawaita Masahaba washauriane. Wengine walitaja kuzaliwa kwa Mtume, wengine kupewa utume, wengine kufariki kwake. Ikachaguliwa Hijra, na kwangu huo ndio uamuzi mzito zaidi, maana siku ile Waislamu walipata jamii yao huru.

Mwezi ulikuwa suala jingine. Waarabu tangu zamani waliuanza mwaka kwa Muharram, mahujaji wakirejea makwao. Mwanachuoni Ibn Hajar anaongeza kwamba azma ya kuhama ilifuata kiapo cha Aqaba, ambacho watu wa Madina walimpa Mtume mwezi wa Dhulhija, na mwandamo uliofuata ni wa Muharram. Ndiyo maana mwaka wa 1 unahesabiwa tangu Julai 622, ilhali Mtume aliingia Madina Septemba.