Sarafu Si Kifungua Kinywa: Mwalimu na Ulaji wa Mtoto wa Shule

Kazi ya mwalimu

Siku ya masomo, mtoto wa shule ya msingi anaweza kula mara nyingi zaidi mbele ya mwalimu kuliko mbele ya mama yake: uji wa saa nne, vitafunio vya langoni, na makande ya mchana pale yanapopikwa. Mwalimu ndiye wa kwanza kujua nani amekuja na njaa.

Kifungua kinywa

Kinachosumbua kupita vyote ni mtoto kupewa sarafu asubuhi badala ya chakula. Sarafu hiyo hainunui yai. Huishia kwenye barafu za rangi, pipi na ubuyu wa sukari. Kufika saa nne mtoto anasinzia, kichwa kinamuuma, na baada ya muda anapelekwa zahanati kung'olewa jino. Mwalimu wa darasa aulize kila asubuhi nani hajala, kwa upole, na kamwe si kwenye paredi. Jina likijirudia, mzazi aitwe na aambiwe jambo moja: sarafu si kifungua kinywa. Viazi vitamu vya kuchemsha, uji wa ulezi, au kiporo cha jana kilichohifadhiwa vizuri na kupashwa hadi kifuke mvuke, vyote vinafaa. Mzazi akijitetea kwamba hana muda, jibu ni lilelile: sarafu si kifungua kinywa.

Langoni

Wauzaji wakifukuzwa huhamia kona ya pili. Ni afadhali kamati ya shule ikae nao na kukubaliana vya kuuza: ndizi mbivu, machungwa, karanga, mayai, mihogo ya kuchemsha, vyote vikiwa vimefunikwa. Soda ya mililita 350 huwa na sukari ipatayo vijiko 7 vya chai au zaidi. Isiuzwe kwa watoto.

Mikono

Kibuyu chirizi na sabuni, kabla ya uji, kila siku.

Jiko la shule

Mahindi au karanga zenye ukungu zisipokelewe, hata zikitolewa bure. Kuchemsha hakuondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Chumvi iwe yenye madini joto. Maharage yasiliwe pamoja na chai ya rangi, kwa kuwa chai hupunguza madini chuma ambayo mwili hupata. Chungwa au embe ndilo lifuate. Mtoto asipewe mchana uji uliopoa tangu asubuhi.

Darasani

Pipi isiwe zawadi. Makofi au penseli vinatosha. Kunyimwa uji kusiwe adhabu, kwa kosa lolote. Mtoto mnene asitaniwe, wala mwembamba. Mwalimu anayefundisha matunda huku chupa ya soda iko mezani anapoteza chaki. Bustani ya mchicha na matembele inafundisha zaidi, maana mboga aliyoimwagilia mwenyewe mtoto huila bila kusukumwa.

Wa kupelekwa zahanati

Mwenye viganja vilivyopauka, anayekula udongo, aliyevimba miguu, anayekonda, au aliyezimia: mzazi aitwe siku hiyohiyo, na aliyezimia asisubiri mzazi. Kwenye barua ya zahanati mwalimu aandike alichokula mtoto asubuhi. Kama alipewa sarafu, iandikwe sarafu.